Kinachotokea Kati ya Kununua na Kuuza

Muulize mfanyabiashara yeyote wa Kinyamaseke, hapa Kasese nchini Uganda, bei ya mahindi ya leo, atakujibu kabla hujamaliza swali. Muulize bei ya unga kule Mpondwe, atakujibu pia, na huenda akakuongezea ya Kasindi, ng'ambo ya mpaka. Kisha muulize swali la tatu: katika kila kilo 100 za mahindi zilizoingia kinuni kwako wiki iliyopita, zilitoka kilo ngapi za unga, ngapi za pumba, na ngapi hazijulikani zilikokwenda? Hapo wengi hunyamaza.

Nawaandikia hao wanaonyamaza. Ni watu wachapakazi, wanaamka kabla ya alfajiri, na soko lao wanalijua kuliko mhadhiri yeyote wa biashara. Ila macho yao yote yapo kwenye milango miwili, wa kununulia na wa kuuzia, ilhali bei katika milango yote miwili hupangwa na wengine: msimu, wanunuzi kutoka Kongo, thamani ya dola, soko la kahawa la dunia. Sehemu iliyo mikononi mwako kweli ni ya katikati, pale malighafi inapogeuka kuwa bidhaa. Humo ndimo fedha nyingi za biashara ndogo zinamopotelea, na humo ndimo unamoweza kuziokoa bila kumwomba mtu ruhusa.

Nikisema malighafi usifikirie mahindi na kahawa tu. Kila biashara hupokea vitu, huvifanyia kazi, kisha hutoa vingine, hata kama haina moto wala mashine. Vinavyoingia ni pamoja na umeme, dizeli, maji, muda, nguvu za watu, ujuzi, na mkopo unaodai riba kila mwezi. Mwenye saluni hupokea mteja mwenyewe; kichwa chake ndicho kazi, na akisubiri mno, ameshaharibika kama nyanya iliyolala juani. Mchuuzi anayevusha maharage mpakani habadilishi hata punje moja, anachobadilisha ni mahali. Mwenye ghala hubadilisha wakati: ananunua mavunoni, anauza wakati wa uhaba. Hata wakala wa pesa za simu, kazi iliyoanza Uganda mwaka 2009, hugeuza noti kuwa tarakimu na tarakimu kuwa noti, naye hupotewa na wateja siku ya soko kwa sababu ana floti tele na droo haina noti hata moja.

Wilaya ya Kasese ni mahali pazuri pa kujifunzia mambo haya, maana ndani ya mwendo wa saa chache unakuta chumvi, saruji, pamba, kahawa na mabaki ya mgodi wa shaba. Kinyamaseke yenyewe imekaa mahali pa makutano. Upande mmoja kuna tambarare zenye joto za pamba na mahindi kuelekea Nyakatonzi. Upande wa pili barabara ya Kisinga na Kyarumba inapanda kwenye milima ya kahawa ya Wakonzo. Na lami inayotoka Kikorongo inapita hapo hapo ikienda Bwera na Mpondwe. Mfano wa karibu kila kosa na kila busara nitakayoitaja unaweza kwenda kuuona mwenyewe kwa boda au kwa matatu.

Tuanzie Katwe. Kando ya ziwa lile la chumvi yapo magofu ya kiwanda kilichojengwa na kampuni ya Kijerumani miaka ya 1970. Hesabu ilionekana safi: ziwa limejaa maji ya chumvi, watu wamekuwa wakiivuna kwa mikono kwa karne nyingi, basi tuyavute maji kwa pampu, tuyakaushe kwa mitambo, tupate chumvi kwa matani. Lakini maji ya Katwe hayana chumvi ya mezani peke yake. Yamechanganyika na salfeti na kaboneti, na ni makali kwa chuma. Mabomba yakaliwa, mitambo ikasimama baada ya kufanya kazi muda mfupi tu, na haikuwahi kurudi kazini. Wakati huo wote, wenye vidimbwi vya udongo pembeni mwa ziwa waliendelea kuvuna kwa jua na kwa mikono, na wanavuna hadi leo. Sitaki kuisifu kazi ile kupita kiasi. Inachubua ngozi ya watu wanaoshinda ndani ya maji ya chumvi, na mvua moja isiyotarajiwa inaweza kurudisha mavuno ya wiki nzima majini. Ila utaratibu wa vidimbwi ulitokana na maji yale yale ya Katwe, na mashine ilikuja ikiwa imeandaliwa kwa maji ambayo Katwe haikuwa nayo.

Kwa hiyo kabla hujaipenda mashine, ijue malighafi yako. Unataka kununua kinu? Chukua gunia moja la mahindi unayoyanunua kila siku, si yale mazuri ya maonyesho, uyapeleke kwa mtu mwenye kinu cha aina hiyo, ulipie, usimame hapo mpaka mwisho na mizani yako. Unataka mashine ya kumenyea kahawa? Ijaribu kwa kahawa ya mlima wako, yenye punje kubwa na ndogo pamoja, uone ngapi zinakatika na ngapi zinapita bila kumenywa. Muuzaji akikataa jaribio hilo, umeshapata jibu lako.

Mizani ndiyo mwanzo wa kila kitu nitakachosema kuanzia hapa. Iwe imekaguliwa na kupigwa muhuri na Shirika la Taifa la Viwango la Uganda, UNBS, na iwe moja kwa kupokelea na kwa kutolea, kwa sababu mizani mbili zinazotofautiana zitakupa hesabu ambayo haitafunga kamwe. Pembeni yake pawe na daftari. Waswahili walishasema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi sijaona methali inayomfaa mwenye kinu kuliko hiyo. Safu nne zinatosha: kilichoingia, bidhaa iliyotoka, mabaki yaliyotoka, na kisichoonekana. Hiyo safu ya nne ndiyo uliyokuwa huna.

Kwa unga mweupe uliokobolewa, ule wa namba moja, kilo 100 za mahindi makavu kwa kawaida hutoa unga wa kilo 60 hadi 70 hivi, na sehemu kubwa ya zinazobaki huwa pumba. Usiichukue tarakimu hii kama sheria. Ichukue kama pa kuanzia, upime yako kwa mwezi mmoja. Ukikuta unga kilo 62, pumba 30, basi kilo 8 zimekwenda mahali. Pengine ni vumbi linalopepea hadi kwa jirani. Pengine ni chekeche lililotoboka linalopeleka unga kwenye pumba. Pengine ni mkono wa mtu. Usianze na mkono wa mtu. Nimeona vijana waaminifu wakifukuzwa kazi kwa wizi ambao kwa kweli ulikuwa ni maji.

Maji, ndiyo. Hesabu hii haifundishwi sokoni, na kila mnunuzi wa nafaka angepaswa kuijua kwa moyo. Kiwango cha unyevu kinachokubalika kwa mahindi katika Afrika Mashariki hakizidi asilimia 13.5. Tuseme umenunua kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 18, jambo la kawaida wakati wa mavuno. Ndani yake mahindi yenyewe, ukiondoa maji yote, ni kilo 82. Yakikauka hadi asilimia 13.5, mzigo wako utakuwa na uzito wa kilo 95 hivi. Kilo tano zimepaa hewani, nawe ulizilipia bei ya mahindi. Katika lori la tani 10 hiyo ni zaidi ya nusu tani. Kama huna kipima unyevu, tumia njia ya chupa: chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia mahindi theluthi moja na vijiko vichache vya chumvi laini iliyo kavu, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu unaozidi asilimia 15. Mwambie muuzaji bei nyingine, au mwambie ayaanike kwanza.

Na unyevu hauli uzito tu. Machi 2021 Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu unaoota kwenye nafaka iliyohifadhiwa mbichi. Zuio lililegezwa baada ya siku chache kwa masharti, lakini wenye malori walikuwa wameshakwama. Kosa lilianzia kwenye turubai ambalo halikutandikwa, kwenye mahindi yaliyoanikwa juu ya udongo, katika hatua ambayo hakuna aliyeilipia wala kuihesabu. Mtu anapokula sumukuvu kwa miaka, ini lake ndilo linalolipa. Hili nalisema kwa uzito wote: ukaushaji ni hatua ya uzalishaji kama kusaga kulivyo, na mwenye kinu anayepokea mahindi yenye ukungu na kuyaficha ndani ya unga mweupe anawadhuru majirani zake.

Sasa tupande mlimani, kwenye kahawa, maana huko ndiko somo la kugeuza malighafi limejaa zaidi.

Mkulima wa arabika katika Rwenzori ana njia mbili. Ya kwanza ni kuanika kahawa nzima na maganda yake, ile ambayo ikikauka wengi katika Uganda huiita kiboko. Ya pili ni kuimenya ikiwa mbivu, kuichachusha, kuiosha, na kuikausha ikiwa ndani ya ngozi yake nyembamba. Malighafi ni ile ile, mti ni ule ule. Kwa makadirio, kilo tano hadi sita za kahawa mbivu hutoa kilo moja ya kahawa safi iliyokobolewa, uipitishe njia hii au ile. Tofauti ipo katika kinachoingia zaidi ya kahawa yenyewe. Njia ya kwanza inataka jua na subira. Njia ya pili inataka maji safi, mashine, tangi, meza za kuanikia, na zaidi ya yote inataka saa. Kahawa iliyochumwa leo inapaswa kumenywa leo, kwa sababu ikilala gunioni inaanza kuchacha yenyewe na ladha inaharibika kwa namna ambayo hakuna kazi ya baadaye itakayoirekebisha. Baada ya kumenywa hukaa tangini kwa saa 12 hadi 36 kutegemea baridi ya mahali. Kyarumba juu na Kinyamaseke chini hazina saa moja, basi usinakili muda wa mtu mwingine. Tia mkono, sugua punje, uone kama utelezi umetoka.

Ushauri wangu kwa vikundi vinavyotaka kuingia njia ya pili ni huu: msinunue mashine kwanza. Hesabuni meza kwanza.

Nieleze kwa nini. Mwaka 1961 msomi wa Marekani, John Little, alithibitisha kanuni rahisi ambayo inafaa kijijini zaidi hata kuliko kiwandani: wingi wa vitu vilivyomo ndani ya kazi ni sawa na vinavyoingia kwa siku mara siku ambazo kila kimoja hukaa humo. Ifanye kwa kahawa. Kikundi chenu kinapokea kilo 300 za kahawa mbivu kila siku. Kahawa iliyooshwa hukaa juani siku 14 hadi ifikie unyevu wa asilimia 12 hivi. Basi kwa wakati wowote mnapaswa kuwa na meza za kubeba kahawa iliyotokana na kilo 4,200 mbivu. Kama meza zenu zinabeba nusu yake, nyinyi ni kikundi cha kilo 150 kwa siku, na mtabaki kuwa kikundi cha kilo 150 kwa siku hata mkipewa mashine tatu mpya zenye injini. Kahawa ya ziada itarundikwa unene wa shubiri nzima, itakauka juu na kuoza chini, na mnunuzi ataikataa. Halafu mtasema bei ni mbaya.

Kila kazi ina mahali pake pembamba kama hapo, na kasi ya kazi yote ni kasi ya mahali hapo. Kupatafuta hakuhitaji mtaalamu. Tembea kutoka mlango wa kuingilia hadi wa kutokea, utazame vitu vinarundikana wapi na watu wanasubiri wapi. Rundo hujikusanya kabla ya pembamba. Watu wasio na kazi husimama baada yake. Katika kinu, mara nyingi si kusaga, ni kupepeta na kupima. Katika karakana ya kuchomelea mageti, mara nyingi ni kupaka rangi na kusubiri ikauke. Katika kliniki ndogo, mgonjwa hupita kwa daktari dakika chache na kusubiri maabara saa mbili. Weka fedha zako hapo pembamba. Shilingi unayoiweka kwingine kokote haikuongezei hata gunia moja.

Kwenye kahawa, mkishapata pembamba penu, kabla hamjajenga meza mpya tumieni vizuri zilizopo. Tandazeni kahawa nyembamba, igeuzeni mara nyingi kwa siku, ifunikeni usiku na mvua inaponyesha, msiiache ilowane upya maana kila kulowana kunaongeza siku. Mkipunguza siku 14 zikawa 12, meza zile zile zimeongeza uwezo wa kupokea kwa sehemu ya sita bila kununua hata msumari. Na jambo lingine: kazi ya kuchagua ifanyike kabla ya pembamba, sio baada. Mimineni kahawa mbivu ndani ya maji, zinazoelea ziondoeni, za kijani zirudisheni kwa aliyezileta. Punje mbovu inayopata nafasi mezani kwa wiki mbili imechukua nafasi ya punje nzuri.

Kuna kitu kinachoingia katika kahawa ya mlima wetu ambacho daftari nyingi hazikitaji: kazi ya mke na ya watoto. Yeye hupalilia, huchuma, hubeba, huosha, huanika, naye mume hupeleka gunia sokoni. Hesabu inaonyesha faida kubwa kwa sababu nusu ya kilichoingia kilihesabiwa sifuri. Bukonzo Joint, ushirika wenye makao Kyarumba, ni miongoni mwa walioanzisha njia ya kuliona jambo hili kwa michoro, ambayo baadaye ilienea nchi nyingi kwa jina la GALS. Mume na mke huchora mti. Kwenye mizizi wanaandika au kuchora kazi ambayo kila mmoja anaingiza. Kwenye matawi, matumizi na manufaa ambayo kila mmoja anapata. Mtu asiyejua kusoma anauelewa papo hapo. Wapo watakaosema hayo ni mambo ya haki za wanawake, wala si biashara. Nasema ni mambo ya haki, na ni uhasibu mzuri pia. Nyumba ambayo anayechuma hajui bei wala haoni fedha huchuma kijani na mbivu pamoja ili kazi iishe. Ubora wa kahawa unaanza kwenye kidole cha anayeichuma, na kidole hicho kina haki ya kujua kinachofanyia kazi nini. Chora mti huo hata kama wewe ni muuza duka.

Niseme kidogo juu ya mabaki, maana hapa Kasese tuna mifano ya kujifunzia.

Pamba ikipitishwa katika mashine ya kuchambulia, nyuzi ni kama theluthi moja ya uzito tu. Karibu sehemu yote inayobaki ni mbegu. Mwenye kuiona mbegu kama takataka amepoteza sehemu kubwa ya mzigo wake. Mwenye kuikamua anapata mafuta, na baada ya mafuta anapata mashudu ya kulishia ng'ombe. Kiwanda cha saruji cha Hima kimekuwa kikichoma makapi ya kahawa katika tanuri lake pamoja na nishati nyingine, na mwanzoni mwa miaka ya 2010 kilianza kugawa miche ya kahawa kwa wakulima kwa sababu kiliyatazamia makapi yatakayotoka kwenye miti hiyo. Fikiria hilo: kiwanda cha saruji kinapanda kahawa. Na Kilembe, iliyochimba shaba kuanzia 1956 hadi 1982, iliacha rundo kubwa la mabaki yenye madini ya kobalti mjini Kasese. Kwa miaka mingi maji yenye tindikali yalitiririka kutoka kwenye rundo lile na kuua majani hadi ndani ya Hifadhi ya Malkia Elizabeth. Mwaka 1999 kampuni ya Kasese Cobalt ilianza kulifanyia kazi rundo hilo kwa kutumia bakteria wanaoliachanisha jiwe na madini. Kilichokuwa sumu kikawa malighafi.

Ukubwa wa mifano hiyo usikuzuie. Swali ni lile lile kwa mwenye kinu na kwa seremala: kila kinachotoka mlango wa nyuma, nani aliye karibu angekilipia? Pumba kwa wafugaji wa nguruwe na kuku. Maganda mabichi ya kahawa, yakishaoza vizuri, kwa shamba la migomba. Vumbi la mbao kwa wenye mabanda ya kuku. Lakini pia uzipime gharama zake. Ukitumia kijana siku nzima kuuza mabaki ya shilingi chache huku unga umelala bila kufungashwa, umeyapa mabaki heshima ambayo hayastahili. Na maji machafu ya kuoshea kahawa hayana mnunuzi. Yachimbie shimo mbali na mto, kwa sababu watu wa chini wanayanywa.

Nirudi kwenye saa, kwa sababu ndiyo malighafi ambayo haihifadhiki. Umeme ukikatika, mashine imesimama lakini mshahara, kodi ya chumba na riba vinaendelea. Andika kila kusimama: saa ngapi hadi saa ngapi, na kwa sababu gani. Baada ya miezi miwili utakuwa na picha ambayo mafundi na wakopeshaji watashindwa kuipinga. Huenda ukagundua kwamba umeme unaoulaumu kila siku umekusimamisha kidogo kuliko mkanda unaokatika kila wiki, ambao ungeweza kununuliwa wa akiba na kutundikwa ukutani. Kazi zisizohitaji umeme, kama kuchambua mawe, kushona magunia, kupima na kufungasha, ziwe zimeandaliwa kwa saa za giza.

Na wafanyakazi wako waulize. Anayesimama kwenye chekeche anajua mambo ambayo wewe uliye kwenye kaunta huyajui. Mara nyingi amelisema tatizo mara moja, akanyamazishwa, hakusema tena. Mwambie kijana, kwa sauti ya kawaida, mkiwa mmekaa: mwanangu, hapa kazi inakusumbua wapi? Halafu nyamaza. Jambo la kwanza atakalolitaja lirekebishe ndani ya wiki hiyo hata kama ni dogo, maana hapo ndipo atakapokuambia la pili, ambalo ndilo kubwa.

Mteja naye ni sehemu ya kazi, ingawa amesimama nje ya mlango. Mama anayevuka kutoka Kasindi kununua unga wa muhogo au mahindi huushika, huunusa, huutia kidogo mdomoni. Akirudi safari ijayo na kupita duka lako bila kusimama, huo ni ujumbe. Kongo ilikubaliwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na matumaini ya wengi ni kwamba mpaka utazidi kuwa mwepesi. Mpaka ukiwa mwepesi, wapinzani wako nao wataufikia kwa wepesi. Kwa hiyo kila gunia liwe na alama ya siku lilipotengenezwa na shehena ya mahindi lililotokana nayo. Mteja akilalamika, uweze kurudi nyuma mpaka kwa mkulima au mpaka kwenye chekeche. Bila alama hiyo, lalamiko ni kelele tu, nawe utaishia kupunguza bei ili kununua amani.

Baada ya kupima haya yote, huenda daftari likakuambia jambo usilolipenda: kwamba hatua fulani haikulipi. Wapo wanaokoboa, kusaga, kufungasha na kusafirisha wenyewe kwa sababu waliambiwa kwamba kuongeza thamani ni lazima. Thamani huongezeka pale tu mnunuzi anapolipa zaidi ya gharama uliyoongeza. Chukua kila hatua peke yake. Mahindi makavu yaliyochaguliwa yangeuzwa kiasi gani leo, kabla ya kusagwa? Unga pamoja na pumba zake umeuzwa kiasi gani? Toa dizeli au umeme, mshahara, magunia, saa zilizosimama, na zile kilo zisizoonekana. Kama kinachobaki ni kidogo kuliko ambacho ungepata kwa kuuza nafaka kavu mapema na kuizungusha fedha hiyo mara mbili zaidi ndani ya msimu, basi kinu chako kitumike kusagia watu kwa ada, na mtaji wako uuweke kwenye maturubai, ghala na kipima unyevu. Hesabu hiyo ifanye upya kila msimu, kwa sababu bei ya dizeli hubadilika, na chekeche jipya linaweza kuleta jibu tofauti na la mwaka jana.